Acha Selfi, Omba Saini

Fungua simu yako uende kwenye picha. Teremka mpaka ile siku ulienda uwanjani. Utapata selfi yako na mtu maarufu: wewe umejaza nusu ya mbele, meno yote nje, na yeye yuko pembeni, jicho moja limefumba, kwa sababu alikuwa anageukia msee mwingine aliyekuwa anamvuta mkono. Sasa jiulize swali moja tu. Huyo mtu alijua jina lako?

Hakujua, na wala hukumwambia. Ulikuwa na haraka ya kupiga, yeye alikuwa na haraka ya kuponyoka, na kufikia jioni picha ilikuwa tayari kwenye mtandao, imepata mioyo yake arobaini, ikazama. Hatuoni shida hapo. Lakini kijana wa Rongai, Kiserian au Kitengela akimwendea mchezaji na biro na karatasi, marafiki zake wanamcheka. Eti ni ushamba. Eti ni mambo ya wazungu. Eti nani bado anaandika siku hizi?

Mimi nasema aliyeshika biro ndiye mwenye akili kwenye hiyo foleni.

Tuanze na hilo la uzungu. Kama ulisoma Kenya, uliomba saini kabla hujajua maana ya kuwa shabiki. Muulize mamako au shangazi yako aliyemaliza sekondari miaka ya themanini au tisini akuambie kuhusu otografu. Ilikuwa daftari ndogo, imerembwa kwa kalamu za rangi, na kila rafiki alipewa ukurasa wake: jina, sanduku la posta, chakula anachopenda, mwanamuziki anayempenda, neno la ushauri kwa mwenye daftari, halafu saini chini yenye mikia mirefu kama ya daktari. Nyingi ya daftari hizo ziko mpaka leo kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda, pamoja na vyeti vya ubatizo na picha za harusi. Sisi tuliokuja baadaye tulipata zamu ya mashati. Siku ya karatasi ya mwisho ya KCSE kalamu ya wino mzito inazunguka, shati jeupe linajaa majina mgongoni, na mwalimu wa zamu anapiga kelele bila mtu kumsikiza. Kuna watu wana miaka thelathini na kitu na bado hawajalitupa hilo shati. Hawalivai. Halifai hata kupigia deki. Lakini thubutu kulitupa uone.

Ni kweli Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa sherehe kubwa. Chicago Cubs, timu ya besiboli, ilianza mwaka 1986 kuwakusanya mashabiki wake wakati wa baridi, msimu ukiwa bado haujaanza, na watu hupanga foleni ukumbini na mipira mikononi wakingoja wachezaji waandike. Mtindo huo wa kuwakutanisha mashabiki na wachezaji umeenea, na sisi pia tumeuiga. Lakini walichobuni wao ni ukumbi na foleni. Hamu ya kubaki na mwandiko wa mtu unayempenda hatukuipata kwao. Ilikuwa kwenye otografu ya shangazi yako.

Hili la pili, kwamba hakuna anayeandika siku hizi, ni uongo mtupu. Kila mtu anayetaka kitu kutoka kwako bado anataka saini yako. Nenda ukaombe mkopo wa chama uone: wadhamini watatu, saini tatu. Nenda ukapange nyumba. Nenda kwa chifu. Katiba yenyewe, kifungu cha 257, inasema mpango wa wananchi wa kuibadilisha lazima uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua milioni moja, kwa saini zao. Na mwaka 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye mtandao wa serikali wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvipigia makofi. Majina yao yaliandikwa, wenyewe hawakuitwa.

Kwa hivyo tusiseme saini zimekwisha. Saini zipo tele. Ila karibu zote zinakwenda upande mmoja: wewe unaandika, mwingine anachukua.

Huku Kajiado hiyo habari inajulikana kuliko mahali pengi. Agosti 1904 Olonana, laibon ambaye Waingereza walimwita Lenana, aliweka alama yake pamoja na wazee wengine kwenye mkataba na serikali ya kikoloni. Wamaasai wakaondolewa Bonde la Ufa, wakaahidiwa kwamba ardhi waliyobakishiwa ingekuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wakatolewa Laikipia wakaletwa kusini. Walipokwenda kortini mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Waliambiwa mikataba ile ilikuwa kati ya dola na dola, kwa hivyo korti haikuwa na uwezo wa kuigusa. Yaani siku ya kunyang'anywa ulikuwa dola, na siku ya kudai haki yako umepotea njia.

Halafu zikaja ranchi za vikundi, kwa sheria ya mwaka 1968. Halafu ranchi zikagawanywa, kila mwenye hisa akapewa kipande na hati. Halafu wakaja wanunuzi. Leo ukitoka Kiserian kwa ile barabara ya Pipeline kuelekea Isinya, hesabu mabango. Hili linasema ploti za hamsini kwa mia zinauzwa, bei ni ya kuongea. Lile, kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mawe, linasema shamba hili haliuzwi. Kati ya mabango hayo mawili kuna familia nzima zilizogombana kwa sababu mzee aliweka saini siku moja hotelini, na mama na watoto wakaja kujua trekta lilipofika.

Mtoto anayekulia hapa anajifunza mapema kwamba saini ni kitu cha kuogopa. "Usiweke saini bila kuniuliza" ni wosia anaopewa kila mtu akipata kitambulisho. Na ni wosia mzuri. Sasa fikiria, katika nchi kama hii, kuna aina moja ya saini ambayo haichukui kitu cha mtu. Hakuna ploti inayohama, hakuna dhamana, hakuna mnada, hakuna chama cha siasa. Mtu aliyefanya jambo kubwa anaandika jina lake, na anayeondoka na karatasi ni wewe uliyekuja mikono mitupu. Hiyo ndiyo tunayoicheka?

Nina rafiki mzaliwa wa Kiserian, kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha. Anazo saini za wanamichezo kwenye kaunta buku la kurasa mia mbili, lile la jalada gumu. Kaunta buku hilo lilikuwa daftari la madeni la duka la mamake. Kurasa za mwanzo ni unga kilo mbili, sukari nusu, mafuta ya taa chupa moja, na saini ya aliyekopa. Duka lilipofungwa, yeye akaligeuza nyuma mbele, akaanza kukusanya upande wa pili. Ukilifungua huku ni watu waliochukua. Ukilifungua kule ni watu waliotoa.

Mwaka fulani tulienda naye kwenye tamasha la michezo mjini, lile la kukutana na wachezaji. Tulishuka na 126 mapema, tukakata tiketi ya kawaida, kwa sababu ya VIP ilikuwa ya watu wenye mishahara. Wachezaji walipotoka, umati uliwavamia na simu juu. Nilisimama kando nikahesabu. Kila mtu alikuwa na kama sekunde tatu: shika bega, tabasamu, piga, ondoka, mwingine. Hakuna aliyesema hata "habari yako". Wachezaji walikuwa wamevaa ile sura ya mtu anayechanjwa.

Jamaa yangu hakusogea kule. Alimwona mchezaji mmoja wa raga amejitenga, amekaa juu ya kasha la barafu akifungua kamba za viatu. Akamwendea polepole.

"Niaje kapteni. Ukimaliza hapo naomba saini."

Yule kijana akainua macho. "Niandikie nani?"

Akamwambia jina lake, na kwamba anatoka Kiserian. "Kiserian ya mbuzi choma?" Wakacheka, wakabishana kidogo kuhusu mahali mbuzi ni mtamu. Mchezaji akalichukua lile kaunta buku, na kwa bahati mbaya au nzuri akalifungua upande wa mbele. Akasoma ukurasa mzima wa madeni bila kusema kitu. Halafu akauliza, "Na huyu wa unga kilo mbili alilipa?"

"Hajalipa mpaka leo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akageuza kitabu, akaandika jina la rafiki yangu, akaandika jina lake, na tarehe. Dakika mbili zilitosha. Waliachana wanajuana.

Wale wenye simu waliondoka na picha mia. Yeye aliondoka na saini moja na mazungumzo. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu mtu atasema mimi nachukia teknolojia. Sichukii. Picha ni nzuri, na uwanjani nami napiga. Ninachosema ni kwamba selfi haihitaji ruhusa wala salamu. Unaweza kumpiga mtu selfi akiwa amekupa mgongo. Saini haiwezekani hivyo. Lazima usimame, uombe, yeye akubali, ashike kalamu, na akiwa mstaarabu akuulize jina. Kwa muda huo mfupi nyinyi ni watu wawili. Ndiyo maana inachukua muda, na ndiyo maana ni bora.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hatulisemi. Waangalie wanariadha wa kike, wachezaji wa soka na voliboli wa kike, siku za selfi. Tazama mikono. Mtu ambaye hajawahi kumwona maishani anampitishia mkono kiunoni, anamvuta, anabandika shavu lake kwenye shavu la dada wa watu, na akikataa anaitwa mwenye maringo na video inasambazwa kumtukana. Selfi imetupa leseni ya kugusa miili ya watu. Saini inaweka kitu kati yenu: meza, kitabu, jezi, hata kipande cha boksi. Anaweza kukupa jina lake bila kukupa mwili wake. Kama hakuna sababu nyingine katika makala haya inayokugusa, basi chukua hii moja uende nayo.

Sasa nijibu wale wa pesa. Najua watasema: saini ziachie hivyo utaona, kesho watu wataziuza, keshokutwa watazighushi. Hilo nalikubali, kwa sababu limeshatokea. Marekani, miaka ya 1990, biashara ya saini za besiboli ilioza kiasi kwamba FBI walianzisha uchunguzi walioupa jina la Operation Bullpen. Tony Gwynn, nyota wa San Diego Padres, aligundua kuwa duka la timu yake lilikuwa linauza vitu vyenye saini yake ambavyo hakuvigusa. Miongoni mwa vitu bandia vilivyonaswa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mother Teresa. Fikiria hilo kwa utulivu. Mtawa wa Calcutta amekaa anasaini mipira ya besiboli, na kuna mtu alitarajia mnunuzi aamini. Ilibidi ligi kuu yao, mwaka 2001, ianze kuweka shahidi wa kuona saini ikiandikwa na kubandika alama maalumu kwenye kila kitu.

Nchi hii ambayo imeghushi vyeti vya shule, hati za mashamba na hata mbolea haitashindwa na saini ya mkimbiaji. Lakini dawa ipo, na ni rahisi. Mwambie aandike jina lako. "Kwa" fulani, "kutoka kwa" mimi. Saini yenye jina la mtu mwingine mfanyabiashara haitaki, kwa sababu bei yake inashuka. Kwako ndiyo inapanda. Tofauti ya mkusanyaji na mchuuzi ni hiyo tu: mchuuzi anaomba jina moja, mkusanyaji anaomba mawili.

Wengine watauliza, faida iko wapi? Si picha inaonyesha zaidi? Nijibu kwa mtu mmoja. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake: Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, na Chicago Oktoba 2023, alikoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35. Usiku wa Februari 11, 2024 akafa kwenye ajali ya gari karibu na Kaptagat, akiwa na miaka 24. Picha zake zimejaa mtandaoni, unaweza kuzipata sasa hivi bila kuinuka kitini, na ni zilezile kwangu na kwako. Lakini mahali fulani kuna mtoto aliyemsimamisha njiani na daftari ya hesabu. Alichonacho mtoto huyo hakiwezi kupakuliwa. Ni ushahidi kwamba mtu aliyeweka rekodi ya dunia katika mbio hizo aliwahi kusimama kwa ajili yake.

Na si lazima twende Kaptagat. Desemba 2022 ndege ndogo iliyombeba David Rudisha ilianguka hapahapa Kajiado. Alikuwa anatoka kwenye Olimpiki ya Wamaasai huko Kimana, yale mashindano yaliyoanza mwaka 2012 ambapo vijana hutupa rungu na mkuki, huruka na kukimbia badala ya kwenda kuua simba. Mungu ni mwema, yeye na wenzake walitoka hai. Huyu ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 800, 1:40.91, aliyoiweka London Agosti 9, 2012, na bado inasimama. Tungempoteza siku ile, wangapi kati yetu wangekuwa na kitu chake zaidi ya posti ya "pumzika kwa amani"?

Billy Konchellah je? Usikimbilie simu. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara mbili, Roma 1987 na Tokyo 1991, Mmaasai kutoka Trans Mara, kabla Rudisha hajajua kufunga viatu. Na Paul Tergat, aliyeishi upande wa Ngong, huu mlima tunaouona kila asubuhi tukingoja matatu, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2003 kwa saa 2:04:55. Panda nganya yoyote ya laini yetu, utakuta imechorwa mwanasoka wa Ulaya ambaye hatakanyaga Magadi Road hata kwa kupotea. Sina neno na wachoraji, kazi yao ni safi. Neno langu ni kwetu sisi abiria. Tunavaa jezi feki yenye saini iliyochapwa kiwandani ya mtu wa Manchester, halafu bingwa wa dunia anapita mbele yetu sokoni akinunua sukuma wiki, tunauliza, "Huyu ni nani, mbona watu wanamsalimia?"

Tulikuwa bora kuliko hivi. Safari Rally ya zamani, ile ya Pasaka, ilipokuwa ikipita nyika za Kajiado, watoto walisimama kando ya barabara wakiomba stika kwa timu za magari, na waliwajua madereva kwa majina: Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, Patrick Njiru na Subaru yake. Waliwajua kwa sababu walikuwa wakiwaomba kitu. Huwezi kumwomba mtu saini bila kujua anaitwa nani. Selfi unaweza kupiga na yeyote, ukauliza jina baadaye ndiyo upate la kuandika chini ya picha.

Nimewasema mashabiki vya kutosha. Sasa waandaaji.

Kwenye lile tamasha, baada ya rafiki yangu kupata saini yake, askari wa kampuni ya ulinzi alitufukuza pale kwenye kasha la barafu. Hatukuwa na ukanda wa VIP mkononi. "Watu wa kawaida nyuma ya kamba," akasema, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafanya alichoagizwa. Waliomwagiza ndio ninaoongea nao. Nyuma ya kamba hiyo kulikuwa na watoto waliotoka mbali na jezi za shule, na mbele yake kulikuwa na viti vyeupe na watu waliokuwa wakiangalia simu zao. Mmeligeuza jina la mchezaji kuwa bidhaa ya meza za mbele. Mnauza ukaribu, tena kwa bei ambayo familia yake yeye mwenyewe, siku alipokuwa anaanza kukimbia peku, isingeimudu.

Basi masharti ni haya, na hayahitaji bajeti. Tamasha lolote linalotumia majina ya wachezaji kuuza tiketi litenge saa moja ya saini, bure, kwa mwenye tiketi yoyote. Meza moja, viti vitatu, kalamu zinazoandika. Watoto mbele. Mchezaji akichoka ainuke, asiulizwe. Majina ya watakaokuwepo yabandikwe mlangoni, pamoja na walichofanya, ili mtu asifike mbele ya bingwa akiwa bubu. Shirikisho la mchezo likisema haliwezi hilo, basi liseme wazi kwamba mashabiki linaowataka ni wa viti vyeupe peke yao.

Na shule zetu. Kila shule nchini ina kitabu cha wageni kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Kifungue. Afisa wa elimu, diwani, mheshimiwa, msaidizi wa mheshimiwa, muuza vitabu, na kwenye safu ya maoni wote wameandika "kazi nzuri, endeleeni". Siku mwanariadha akipita kuwasalimia watoto, yeye anaimbiwa wimbo, anapewa soda, anapigwa picha na walimu, anaondoka. Nunua kaunta buku. Liwe la wanafunzi. Mgeni wa aina hiyo akija, aandike jina lake na sentensi moja, na kitabu kikae maktabani ambapo mtoto wa darasa la nne anaweza kugusa wino kwa kidole chake. Kufikia miaka ishirini shule ya Kiserian itakuwa na hazina ambayo hakuna ajenti wa ploti anayeweza kuikata hamsini kwa mia.

Kwenu wachezaji nina ombi dogo tu. Msijitengenezee saini ya haraka, ule mstari mmoja wenye nundu kama mlima ambao hata nyinyi hamwezi kuusoma. Jina lako lilitangazwa uwanja mzima likasikika. Liandike lisomeke. Na muulize mtoto anaitwaje.

Wewe unayesoma hii ukiwa kwenye mat, wikendi kuna mchezo mahali fulani. Labda ni Kasarani, labda ni uwanja wa vumbi nyuma ya soko ambapo kijana ambaye bado hana jina anapiga chenga watu watatu. Agosti 10, 2025 Ryan Ogam aliifunga Morocco bao moja pale Kasarani kwenye CHAN, na ghafla kila mtu alikuwa anamjua tangu zamani. Haikuwa kweli. Lakini lazima kuna mtu aliyemwona kwenye mechi ndogo kabla ya siku ile. Natumaini alikuwa na biro.

Kwa hivyo beba mbili, kwa sababu moja hukataa kuandika siku unayoihitaji. Beba kitu kigumu cha kuandikia. Ngoja mtu amalize kunywa maji. Msalimie kwanza. Mwambie ulichomwona akifanya, kwa kifupi, bila kumwimbia. Akikataa, mshukuru uende, ana haki hiyo. Akikubali, mwambie jina lako vizuri, herufi kwa herufi ikibidi, halafu tulia umwache aliandike.